Kidole Mpaka Kiungo cha Pili

Baba mdogo ni mtunza bustani wa kituo cha afya ninakofanya kazi ya kutunza mafaili, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Ndiyo maana wakamwita Taratibu. Siku mlinzi alipopiga kelele kwamba nyuki wameingia stoo, alimaliza kwanza kusuuza koleo lake, akalikausha kwa kitambaa, ndipo akaenda. Akakuta nyuki wameshaondoka.

"Si mnaona," alisema.

Kwa hiyo nilipomwona akienda mbiombio kwenye ofisi ya daktari mkuu, kofia mkononi, nilijua kuna jambo. Maabara mpya ilikuwa ijengwe nyuma ya wodi, mahali hasa alipopanda mkungu wake, mti wa kivuli, miaka minne nyuma. Sasa ulikuwa umempita kimo, shina nene kama mkono wake, majani mapana kama sahani. Fundi alitaka kuukata Jumatatu. Baba mdogo aliomba auhamishie uwanja wa mbele, pale akina mama wanaposubiri chanjo juani, wakiwakinga watoto vichwa kwa kadi za kliniki.

"Ukishika, sawa," daktari alimwambia. "Usiposhika mpaka mwisho wa mwezi ujao, naweka zege, magari yapate pa kuegesha. Sitaki kijiti kikavu mlangoni. Wagonjwa watasema nini?"

Kazi ile ilimchukua siku nne. Aliuchimbua kwa kuuzunguka, akaifunga mizizi na udongo wake kwenye magunia yaliyoloweshwa, akausukuma kwa mkokoteni kama mtu anayempeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Shimo alilichimba pana kuliko kina. Juu ya udongo alitandaza nyasi kavu, akaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisije likaoza. Upande wa magharibi akasimamisha nguzo mbili na kutundika shuka kuukuu la wodini, jua la alasiri lisiuchome.

"Makubwa haya," alisema Mama Deki. "Mti wa kivuli unatafutiwa kivuli."

Mama Deki ni mfanya usafi wetu. Yeye na baba mdogo wanataniana tangu kabla sijaajiriwa, na chanzo cha utani ni matope: yeye hupiga deki ukumbi, baba mdogo huukanyaga kabla haujakauka.

Wiki ya kwanza majani yalilegea. Ya pili yakawa kahawia na kuanza kudondoka. Nilikuwa nimesoma mahali kuhusu mbolea, nikamtajia.

"Mtu akitoka kupasuliwa unampa nini, mwanangu?" aliniuliza. "Maji, tena kwa kijiko. Huu umeacha nusu ya mizizi kule nyuma. Unapukutisha majani kwa akili zake, unapunguza midomo ya kulisha."

Lakini wiki ya tatu hata ncha za matawi zilianza kukauka, naye akaacha kunijibu kwa mifano. Asubuhi moja nilimkuta amepiga magoti, ameingiza kidole ardhini. Alikitoa kikiwa na tope zito.

"Sijaumwagilia tangu Jumanne," alisema. Akakinusa, kisha akanisogezea.

Sikuhitaji kuambiwa. Ilikuwa harufu ya ukumbi wetu, dawa ya sakafu.

Hapo nikakumbuka. Nilikuwa nimemwona Mama Deki kupitia dirisha la mafaili, zaidi ya mara moja, akimimina ndoo yake pale shinani polepole, asije akatawanya nyasi. Nilidhani wameelewana. Sikuuliza, mimi si mwepesi wa kuuliza. Sasa nilimweleza, macho yangu kwenye tope.

Baba mdogo alizoa udongo wote uliokuwa ukinuka, akaleta mwingine kutoka shimo la zamani, akakata mfereji mdogo wa kutoa maji. Akaisuuza mizizi mara moja kwa maji ya bomba, akaacha pakauke. Kisha akanawa mikono na kuelekea ukumbini. Nilimfuata na faili ambalo halikuwa na pa kwenda.

"Simama hapohapo na matope yako," Mama Deki alimwambia.

Alisimama. "Nina shida, Mama Deki. Ule mti unataka mtu wa kuupima kila asubuhi. Kidole ardhini, mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, ndoo moja ya maji safi. Pakiwa na unyevu, hata tone usiupe. Mimi kidole changu kimekufa ganzi kwa jembe, hakitofautishi."

"Kwani mimi nesi?"

"Wewe ndiye unayefika kabla ya wote."

Mama Deki aliegemea fagio lake la deki. "Maji safi," alirudia.

"Ya bomba."

Alitazama ndoo yake, povu likiwa bado linaelea.

"Mimi nilitenda wema nikaenda zangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Baadaye nilimuuliza baba mdogo kama kidole chake kweli kina ganzi.

"Hiki? Kinasikia hata siafu akigeuka." Alikuwa akilikausha koleo. "Mtu aliyebeba ndoo siku kumi na nane huwezi kumwambia aache tu. Hiyo mikono ataipeleka wapi?"

Mama Deki aliipeleka kazini. Msindikizaji mmoja wa wagonjwa alipotaka kumwaga mabaki ya chupa yake pale shinani, tulimsikia mpaka chumba cha mafaili.

"Baba, umepima?"

"Kupima nini, mama? Si unaona umenyauka?"

"Na wewe umekaa kwenye foleni umenyauka, nikumwagie? Kidole kwanza."

Siku ya mwisho wa mwezi ilifika, na mti haukuwa na hata jani moja. Daktari alitoka asubuhi, akauzunguka, mikono nyuma.

"Taratibu, huu ni mkavu."

"Daktari, mgonjwa akija amelegea, unatazama wapi kwanza?"

"Ndani ya kope."

"Basi." Baba mdogo alikwangua gome kwa ukucha wa dole gumba, chini kidogo ya kifua chake. Palitokea kijani, chenye majimaji.

Daktari aliinamisha miwani. Kisha akakwangua mwenyewe, juu zaidi. Kahawia. Akajaribu tawi jingine, kahawia tena.

"Huku juu amekufa."

"Huku juu nitakata. Nilichelewa kujua, kosa langu. Lakini chini yuko hai."

Daktari aliteremsha mkono, akakwangua karibu na ardhi. Kijani. Alikaa akikitazama kwa muda, kama anavyokaa na kadi ya mtu.

"Mwezi mmoja," alisema. "Mmoja tu." Akaunyosha tena ukucha.

"Inatosha, daktari," alisema Mama Deki. "Kila mtu akimkwangua atabaki na gome gani?"

Daktari aliingiza mikono mfukoni.

Jani lilitoka siku ya kumi na moja, ubavuni mwa shina, chini ya pale baba mdogo alipokata. Lilikuwa dogo, kivuli chake kisingefunika hata kona ya kadi ya kliniki. Niliyeliona kwanza ni mimi, dirishani. Niliinuka na faili mkononi, nikaenda kumwambia Mama Deki, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza ukumbi. Aliita jina moja tu, kwa nguvu.

Baba mdogo alikuja kutoka bustani ya nyuma. Hakuzunguka nje. Alikata katikati ya ukumbi uliolowa, viatu vimejaa tope, koleo bado halijasuuzwa, akatupita bila kutuona.

Mama Deki alizitazama zile nyayo kutoka mlango huu hadi ule. Akachovya fagio lake kwenye ndoo.

"Leo tu," alisema.