Mjane anauliza nani alisema mumewe alikuwa mlevi

Admin, naomba ufiche jina langu. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu, naishi Chanika, Handeni.

Ujanani nilisomea kilimo Ujerumani Mashariki, enzi za utawala wa kikomunisti. Niwaeleze vijana: serikali ile ilijitangaza kuwa imeung'oa ufashisti na mizizi yake. Kwa hiyo vijana walionyoa vipara na kupiga saluti za Kinazi hawakupaswa kuwepo, hata pale walipotupiga kwa minyororo kituo cha treni. Mimi nilivunjika mkono. Rafiki yangu, Mzigua wa Korogwe, aliumia kichwa, akarudishwa nyumbani na maelezo kwamba alilewa akaanzisha ugomvi. Hakuwahi kuonja pombe. Nimelisema hilo miaka yote, najibiwa kwamba rafiki lazima amtetee rafiki. Kifafa kilimwandama mpaka alipofariki mwezi uliopita.

Msibani, mtani wake, bibi wa Kinyamwezi kutoka kambi ya mkonge, alipepesuka na chupa ya maji mbele ya jeneza. "Mlevi wa Ulaya, umefika stendi. Shuka, usimtapikie konda." Watu wakacheka, maana mtani hakasirikiwi. Mjane akaingia ndani.

Baada ya maziko akaniita. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Nani alisema mume wangu alilewa? Utanijibu siku ya arobaini, mbele ya ukoo."

Ninamjua. Siku hizi kule majalada ya polisi wa siri hufunguliwa kwa waliopelelezwa, nami nilipata nakala ya langu. Polisi waliwajua wale vijana kwa majina, lakini wakubwa waliamuru iandikwe kuwa ni ugomvi wa walevi. Aliyetoa ushahidi amepewa jina la bandia, ila imeandikwa kwamba ni Mtanzania tuliyelala naye chumba kimoja. Tulilala watatu. Wa tatu ni kaka wa mjane huyu, ndiye aliyemwozesha dada yake kwa mgonjwa yule, tukamsifu kwa utu. Mpaka leo ndiye anayemlisha.

Nilimfuata dukani kwake Korogwe. Hakukana.

"Waliniambia nisaini au nifukuzwe chuo," alisema. "Nikampa dada yangu. Unataka nilipe nini tena, mwalimu?"

Arobaini ni Jumamosi. Nikiitoa nakala, mama huyu atajua kwamba ndoa yake yote ilikuwa fidia, na atabaki bila wa kumtunza. Nisipoitoa, watoto wake wataendelea kuitwa watoto wa mlevi.

Ndugu zangu, mniambie: nikisimama mbele ya ukoo, nimjibu nini?