Mama Alipoandika Alichokiona

Tulipokuwa tukikaa Tawa, mke wa jirani yetu alikuwa akija kwetu kila Jumamosi kuchambua ndengu na Mama. Waliketi kibarazani, ungo magotini, wakicheka mpaka machozi. Mumewe, polisi, ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Alikimbia nyuma yangu ameshika kiti, na nikianguka alinipangusa magoti kwa leso yake. Nilimpenda sana.

Mama alikuwa tabibu wa zahanati. Siku moja aliletewa mwuza kuku kutoka Kasikeu, mkono umevimba kama gunzi. Polisi walimsimamisha barabarani, wakataka kitu kidogo. Alipokataa, mmoja alimpiga rungu. Huyo mmoja alikuwa jirani yetu.

Jioni alikuja nyumbani. Hakuketi.

"Daktari, kwenye ile fomu ya P3 ya majeraha, andika alianguka na pikipiki."

"Nimeutazama ule mkono," Mama akasema. "Umevunjika upande wa kidole kidogo. Mtu huvunjika hapo akijikinga uso."

"Lakini sisi ni majirani!"

"Ni majirani, ndiyo. Nitaandika nilichokiona."

Kesi ilivuta karibu miaka miwili, ikiahirishwa kila mara. Mama alikwenda kila alipoitwa, amevaa koti lake la kanisani. Wakili wa jirani akamwuliza kama aliliona hilo rungu.

"Rungu sikuliona. Niliuona mfupa."

Jirani alifungwa na kufutwa kazi. Mwuza kuku alirudi sokoni, ingawa mkono wake haukunyooka tena.

Tangu siku ile ya fomu, mke wa jirani hakuwa amekanyaga kwetu. Alipokuwa akihama, Mama alivuka ua bila kuitwa, akaanza kumsaidia kufunga magodoro. Hawakusemezana. Walishika kamba, huyu huku na yule kule, wakakaza mafundo. Lori lilipoondoka, yule mama alinipungia mkono mimi peke yangu.

Siku hizi nakaa Kitui, na Mama amestaafu, yuko nami. Huwa nazikumbuka zile Jumamosi, na hata yule mwanamume akihema nyuma ya baiskeli yangu, nikashindwa kumweka pamoja na yule mwenye rungu barabarani. Juzi nilimwuliza Mama kama humkumbuka rafiki yake.



"Sijapata mwingine kama yeye," akasema. "Na fomu ile ningeijaza vile vile."