Gunia Chini ya Mlango

Pilipili ya Mama Chupa haikuwa na masihara. Ilisemwa kwamba nzi mmoja alitua ukingoni mwa chupa, na toka hapo akawa anatembea kwa miguu. Polisi mmoja aliyeionja kwa ubishi aliungama makosa ya kituo kizima. Hayo yapunguze chumvi utakavyo, hili halipungui: mtaani pale tonge halikushuka kooni bila chupa yake kuwa mezani.

Siri aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake, na pamoja na siri walirithishana sharti. Kabla hujainjika kikaango, funga mlango, funga dirisha, kisha lowesha gunia uzibe upenyo wa chini, maana ukuta una masikio na jirani ana pua. Chumba chenyewe kilienea mtu na jiko, basi. Pilipili kavu zikishakolea moto, moshi wake hukukaba koo kama una ugomvi nawe wa siku nyingi. Bibi yake alikohoa akafa. Mama yake alikohoa miaka tisa, naye akafa. Watu wakasema ukoo ule una vifua vibovu, na Mama Chupa mwenyewe akaamini.

Sasa zamu ilikuwa yake. Daktari alimwambia mapafu yake yamekuwa kama sufuria la kale, masizi matupu. Akarudi nyumbani, akamwita bintiye wa pekee, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga deki maofisini, akamwambia pumzi zilizobaki ni za kuhesabu. Ajifunze kabla hazijakatika.

Binti hakukataa pilipili. Alikataa gunia. Alisema atapika dirisha likiwa wazi, au hapiki kabisa. Mama akajibu kwamba likifunguliwa siku moja tu, kesho yake kila nyumba itakuwa na chupa yake, na jina la ukoo litatangulia kaburini kabla yake. Wakanuniana siku mbili. Siku ya tatu mama alipanda kitandani kwa vituo, na kitanda chenyewe kilimfika magotini. Binti aliona. Akaenda akalowesha gunia.

Wakajifungia. Mama alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akielekeza kwa kidole asije akamaliza pumzi kwa maneno. Vitunguu saumu kwanza. Kisha pilipili, mpaka zishike rangi ya damu iliyokauka. Kisha akafungua fundo la kitambaa, akatoa maganda makavu ya machungwa, ndiyo siri yenyewe hiyo, akayatia kwa mkono wake. Yakaanza kuungua. Binti macho yalimchuruzika machozi. Alipoyafuta akamwona mama yake ameinama, mdomo wazi, hewa haiingii wala haitoki.

Akalipiga teke gunia, akafungua mlango, akamburura mama mpaka kizingitini. Moshi ukawapita juu ya vichwa, ukamwagika uani.

Uani palikuwa na fundi cherehani, jirani wa ukuta mmoja na wao, rafiki wa Mama Chupa tangu ujana. Alikuwa anapiga pasi. Akanusa bila kuinua macho.

"Shoga, leo maganda umeyaunguza."

Mama Chupa akaokota pumzi ya kuulizia.

"Maganda gani?"

"Ya machungwa. Si ndiyo unayatia mwisho?" Ndipo fundi akageuka, akamwona alivyo, akaiweka pasi chini. "Tangu enzi za mama yako tunajua, mwenzangu. Bati hili lina matundu."

"Na mkanyamaza."

"Mlivyokuwa mkijifungia vile... tuliona haya kuwaambia."

Mama Chupa akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikugeuka kitu kingine. Aliishi siku kumi na moja, kitanda kimesogezwa dirishani, dirisha wazi mchana kutwa.

Siku ya msiba fundi alileta sinia la chakula, na pembeni kibakuli cha pilipili aliyoipika mwenyewe pale uani, kwenye upepo. Binti alichovya kidole, akaonja. Akachovya tena, akitafuta kasoro, hata ndogo. Akachovya mara ya tatu.

Haikupungua kitu.