Mtani wa Marehemu wa Kitabuni

Nikilikumbuka darasa lile, mpaka leo masikio yananiwaka. Nilikuwa nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, shule ya kutwa huko Kilwa, ndani kwenye mikorosho. Riwaya tuliyokuwa nayo ilikuwa na nakala nne tu kwa wanafunzi arobaini na kitu, kwa hiyo nilikuwa naisoma mimi kwa sauti, wao wanasikiliza. Ilimhusu mzee shujaa aliyewaongoza wanakijiji wenzake kudai ardhi yao, akafa kabla haijarudi. Nilimpenda mno mzee yule. Nilipofika anapokufa nilifuta machozi mbele ya darasa, na wala sikuona haya.

Insha za dhamira na wahusika zilikuwa zimenichosha, maana wote wananakiliana. Nikasema safari hii kila mtu aijibu riwaya apendavyo: barua kwa mhusika, mchoro, ngonjera, chochote. Darasa likakubaliana kumfanyia marehemu msiba.

Msichana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Nilishangaa, kwa sababu huyo alikuwa hasemi. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempelekea mkuu wa shule karatasi ya wanaopaswa kukariri darasa, na mbele ya jina lake nimeandika: hajui kusoma riwaya. Nilijua vilevile kwamba baba yake alishaapa, akikariri tu, shule basi, abaki nyumbani aokote korosho.

"Mwalimu," alisema, "mimi naweza kuwa mtani?"

Nikacheka, nikamruhusu. Bibi yake ni mtani wa makabila ya jirani, anajulikana misibani kote kule. Akishavaa kanzu ya marehemu akauiga mwendo wake na kuzitaja kasoro zake, hata wafiwa hucheka machozi yakiwa bado mashavuni. Na mtani hakasirikiwi, ndiyo ada yetu.

"Kwani huyu marehemu kabila gani?" mvulana mmoja akamuuliza.

"Kitabu hakikusema. Basi mtani wangu."

Siku ya msiba walisogeza madawati, wakaviringisha mkeka na kuufunika khanga ukawa maiti. Wasichana walilia vizuri. Ndipo mtani wetu akaingia, kanzu inaburuta, mikono nyuma, kifua mbele, mzee wangu wa kitabuni yule yule. Tukacheka wote. Kisha akasema:

"Mnamlilia huyu? Mkewe kajifungua pacha, mmoja kamfia mikononi, huyu yuko uwanjani anahutubia wanaume. Karudi, kauliza chakula."

Habari hiyo sikuikumbuka hata kidogo. Nikajua anamzulia mzee wa watu, hasira zikanipanda. Kabla sijamkatiza akachukua kitabu mezani kwangu, akalamba kidole, akafunua kurasa kadhaa kwa mpigo, akakohoa kikohozi changu hasa: "Hapa hapana swali la mtihani, tuendelee."

Darasa likaangua kicheko. Nikanyoosha mkono, nikakichukua kitabu.

"Hiyo habari ya pacha umeitoa wapi?"

"Humo humo, Mwalimu. Ukurasa wa tisini na mbili. Saa za mapumziko nilikuwa naazima nakala, nasoma pale uliporuka."

Nikaufunua. Kurasa nyingine zote zilikuwa zimefubaa kwa vidole vyangu, lakini pale kulikuwa na kurasa sita nyeupe pee. Pacha walikuwemo. Mama yao alikuwemo, peke yake chumbani, na kumbe kitabu kizima hakikumpa jina. Riwaya ile nilikuwa nimeifundisha miaka saba. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa mimi umeniigiza kwa nini?" nikamuuliza kwa sauti ya chini. "Mimi sijafa."

Akainamisha macho, utani ukamtoka, akawa mwanafunzi tena. "Unisamehe, Mwalimu. Yule mama wa pacha, mumewe alimsahau, na wewe ukamruka. Nikashindwa kuwatenganisha."

Nikawaacha na maiti yao ya mkeka, nikaenda moja kwa moja ofisini kuiomba ile karatasi. Mkuu wa shule akaitazama, akaniuliza nimeandika nini vibaya.

Nikamwambia maneno ni sawa, jina ndilo nimekosea.