Waya Mlangoni pa Mkubwa

Niliibeba kompyuta mapajani kutoka Koboko hadi Arua, na anayedhani kazi ya ofisi ni kukaa kivulini aje kwangu tugombane. Kila shimo mimi niliita Yesu, dereva akaita Mwenyezi Mungu, na mashine ikafika salama. Magoti yangu ndiyo hayakufika salama.

Miaka ya tisini ilikuwa inaanza. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na orodha ya familia zilizorudi kutoka Sudan, zile za kupewa chakula Koboko. Lori la chakula lilikuwa liondoke Arua saa sita mchana, pamoja na orodha iliyochapishwa. Ya karatasi tulikuwa nayo, lakini ya zamani, na dada yake mlinzi wetu wa Arua hakuwamo. Alikuwa amerukwa mara mbili. Jina lake nililiandika mwenyewe wiki iliyotangulia, na lilikuwa ndani ya mashine tu. Tukishindwa kulitoa, dada wa watu angerudi nyumbani na gunia tupu mara ya tatu.

Mlinzi alikuwa mwanajeshi wa zamani. Mwaka wa sabini na tisa, watu wa kwetu wakikimbia vita na mguu wake ukiwa na jeraha, dada huyo alimsukuma kwa baiskeli mpaka wakavuka kuingia Sudan. Asubuhi hiyo hakuninong'oneza wala kunibembeleza. Aliniambia tu, "Mama, leo mimi iko nakutazama wewe."

Haya basi. Mashine ya Koboko haikuwa na printa, na kila diski uliyoitia iliharibika kwa vumbi. Njia ilikuwa moja: kuiunganisha kwa waya na kompyuta mpya yenye printa, ofisini kwetu Arua Hill. Lakini mkubwa wetu alisema ile mpya haitoki ofisini kwake, kwa sababu wageni lazima waione, na ile yangu haiingii, kwa sababu zulia ni jipya. Jamani! Nikaiweka kwenye benchi la korido, na waya ukapita katikati ya mlango wake, usawa wa magoti.

Nikawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, polepole mpaka nikatamani kuzisukuma kwa mikono.

"Hawa watu iko napita ndani ya waya?" mlinzi akauliza.

"Majina tu, mzee."

"Jina ni mutu," akasema, akasimama mlangoni na rungu lake.

Tulikuwa tumepita nusu, mkubwa alipotoka mbio kumpokea mgeni. Mlinzi alifungua mdomo, lakini mkubwa alishainua mguu. Kiatu kikanasa, waya ukachomoka, kioo kikaganda. Nilisema neno moja la Kilugbara ambalo, namshukuru Mungu, mkubwa hakulielewa.

Tukaanza upya, toka sifuri. Dizeli ya jenereta iliyobaki ilitosha kupitisha majina mara moja tu. Mkubwa akarudi mezani kwake, akanywa chupa nzima ya chai, kisha akaja tena mlangoni, safari hii ana haraka ya aina nyingine.

"Mutu hapana ruka," mlinzi akasema.

"Mimi ndiye mkubwa wa ofisi hii!"

"Ndiyo, afande. Hapana ruka."

Kwetu mtu aliyelala harukwi, hata awe mtoto mchanga, unamzunguka. Na kwa mlinzi, watu wote wa Koboko walikuwa wamelala ndani ya waya ule.

"Zunguka, afande," akaongeza kwa heshima zote.

Azunguke wapi? Palibaki dirisha. Chini yake walikuwa wameketi kina mama wakulima wa Aroi wakingojea mbegu. Walipoona mguu wa suti ukitokeza hawakuweza kumwacha mtu mzima bila salamu.

"Habari ya asubuhi, bwana?"

"Nzuri," akajibu, tumbo lake juu ya dirisha.

"Nyumbani?"

"Salama."

"Mama na watoto?"

"Wazima!"

"Na shamba?"

Kwenye shamba suruali ikapasuka, traaa! Nilicheka mpaka nikauma kitambaa changu cha kichwa.

Namba zikafika mwisho. Printa ikaanza kupiga kelele zake. Mlinzi hakujua kusoma, kwa hiyo niliutafuta ukurasa, nikakishika kidole chake na kukiweka juu ya jina.

"Iko?"

"Iko."

"Jina yake yote?"

"Yote, mzee."

Akakipitisha kidole juu ya jina, mwanzo hadi mwisho. Mimi niliyekuwa nacheka nikalia palepale, wala sikuona haya.

Mkubwa alirudi kwa mlango wa mbele, amejifunika nyuma kwa faili. Akaufikia waya, akasimama. Hakuinua mguu.

Mlinzi akauchomoa, akauzungusha mkononi taratibu, kisha akapiga saluti.

"Sasa pita, afande," akasema. "Watu yote nakwisha kuvuka."