Mazishi Ambayo Dada Hakuyaona

Baba yao alipofariki, dada mkubwa alikuwa ng'ambo, mimba imeshakuwa kubwa na daktari amemkataza kata kata kupanda ndege. Akampigia mdogo wake, fundi wa kampuni inayorusha harusi na mazishi mtandaoni.

"Mdogo wangu, safari hii wewe ndiye macho yangu."

"Usiwe na wasiwasi, dada. Utaona kila kitu."

Basi fundi akajifungia ofisini na macho yake mekundu. Seva yao, kompyuta inayogawa picha kwa watazamaji, ilikuwa kuukuu, watazamaji wakizidi inakwama. Akaweka mpya mbele yake, iwapokee wageni na kuwapitisha hadi kwa ile ya nyuma bila mtu kujua kuwa kuna mlango wa kati. Akamwomba dada ajaribu.

"Hata kikombe chako kichafu nakiona!" dada akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Jamaa akavimba kichwa, na nani angemlaumu?

Alisahau mstari mmoja tu, ule unaoiagiza seva ya mbele itaje anwani ya mtandaoni ya kila mgeni inayemleta. Anapojaribu mtu mmoja, kosa hilo halionekani.

Siku ya mazishi alizima simu, akasimama nyuma ya kamera. Ukoo mzima ulipofungua ukurasa kwa mpigo, seva ya nyuma iliona wote wanatoka anwani ileile. Ikadhani ni mhuni mmoja anayegonga kwa fujo, ikafunga mlango, kama fundi mwenyewe alivyoifundisha. Picha za kamera nazo zilipita hapohapo, kwa hiyo hakikuhifadhiwa chochote. Jeneza lilikuwa bado halijafunguliwa.

Aliwasha simu watu wakitawanyika makaburini. Ujumbe wa dada ulimiminika. "Sioni kitu." "Wameanza?" Wa mwisho ulisema, "Mmeshamzika?"

Alimpigia, akaanza kueleza habari za anwani na mstari. Dada akamkatiza.

"Achana na mitambo. Wewe nisimulie tu. Mlipomuaga, uso wake ulikuwaje?"

Ndugu walipopanga foleni kumuaga baba, fundi aliinamia kamera kule nyuma, akihakikisha picha haitikisiki. Alichoona ni migongo ya watu. Foleni ikaisha, jeneza likafungwa.

"Dada," akasema, "hata mimi sikumwona."