Mikono ya Sweta Kutoka Ijumbi

Wenzangu wa darasa la kufuma, nimeharibu sweta ya mtoto, na ubatizo ni kesho.

Mnajua mwanangu amezaliwa kabla ya wakati. Mdogo mno. Na yule wa kwanza tulimzika kwa ugonjwa wa kifua, mvua zikinyesha kama hizi.

Kwa hiyo tuligawana kazi ili tuwahi. Mimi hapa Buhembe nifume mwili wa sweta, wifi yangu Adela kule Ijumbi afume mikono. Ile karatasi ya maelekezo ya Kiingereza aliyotupa Bibi wa misheni tuliifuata sawasawa, kila kitanzi.

Lakini karatasi inataka sindano za dukani. Nani anazo? Mimi nilitumia spoki za baiskeli, nyembamba. Wifi alichonga mianzi, minene kama kidole.

Leo asubuhi amefika na mikono yake. Jamani, ni ya mtu mzima.
Mwili niliofuma mimi nao umebana, hata kichwa cha mtoto hakipiti.

Tufumue? Tungeanza upya saa ngapi? Na uzi umeisha, Mhindi wa duka la mjini anasema tusubiri meli ilete mwingine.

Nikakaa chini nikalia. Wifi naye akalia.

Mama mkwe hakutubembeleza. Alichukua mkono mmoja, akamtumbukiza mtoto mzima ndani, kichwa tu nje.

"Huo mwingine utunzeni," akasema. "Huu ukilowa, atavaa ule."

Sasa niambieni, mchungaji atakubali kumbatiza mtoto aliyevaa mkono wa sweta?

Mtakaocheka kanisani, chekeni tu. Nimemgusa miguu sasa hivi. Ina joto.